Kusoma Exetat (mutihani wa serikali wa kumaliza sekondari, Congo) kwa kikundi, Kadutu ya Bukavu

Mutoto wa dada yangu alikuwa na woga ya Exetat, tukamupeleka kwa hii kikundi ya Kadutu, nafurahi sana. Mwalimu wa hesabu haleti majibu ya kukariri, anawafundisha kusoma itemu (ulizo la mutihani) mara mbili, kufuta majibu zenye haziwezekane, njo wanachagua kwa zenye zinabakia. Disertasio (insha) wanaandika kila siku ya posho (Jumamosi), karatasi inarudia imejaa biki nyekundu, mutoto alilia kwanza lakini sasa anaandika vizuri kabisa! Tena wanasaidia kupanga dosie ya kuingia UOB (Université Officielle de Bukavu), bileteni (ripoti za masomo) za mwaka wa tano na wa sita, fotokopi, yote. Shida ni kura (umeme), ikikatika wanasoma na tochi ya simu, banunue hata taa ya solari jamani