Uwenyeji wa kujitolea katika kambi ya magari, kaskazini mwa Kondoa

Kambi ninayoitathmini ni ya binafsi, na ipo kaskazini mwa mji wa Kondoa, mwendo mfupi wa barabara ya udongo kutoka barabara kuu ya Dodoma–Babati, ile ya lami yenye kilomita 251 iliyozinduliwa mwaka 2018. Wamiliki wake hutoa nafasi kwa watu wawili, aghalabu mume na mke wenye gari la kulala, wakae hapo kama wenyeji wa kambi: wapokee wageni, wawaonyeshe pa kuegesha, wasimamie usafi na utulivu, na wao waegeshe bure na kuunganishiwa maji na umeme. Mimi na mwenzangu, wastaafu wa Dodoma wenye Coaster tuliyoing'oa viti na kuiwekea kitanda, jiko la gesi na paneli ya sola, tuliifanya kazi hiyo kiangazi kilichopita. Tumeridhika nayo kwa kiasi, lakini makubaliano yake yana mapengo ambayo ni vyema mtu ayafahamu kabla ya kung'oa nanga.

Utaratibu huu umezoeleka zaidi Marekani, ambako wastaafu wengi huishi safarini katika magari ya aina hiyo. Huko, anayetaka kujitolea katika kambi za Idara ya Misitu au za hifadhi za taifa huomba kupitia tovuti ya serikali ya Volunteer.gov, hupewa maelezo ya kazi kwa maandishi, na mara nyingi hutakiwa kutumikia kati ya saa 20 na 30 kwa wiki ili apate mahali pa kuegesha penye maji na umeme. Akiumia kazini, sheria ya fidia ya serikali humhudumia. Kambi ya Kondoa imelichukua wazo hilo na kuyaacha makaratasi yake. Sisi tulipewa maelekezo kwa mdomo chini ya mti, yakaishia na “mtaona wenyewe kazi ilivyo,” na kweli tuliona.

Pengo kubwa ni la saa za kazi. Mwenyeji anayelala kambini hana saa ya kufunga, kwa sababu gari likiingia saa tano usiku hodi hupigwa kwenye mlango wake, wala si kwa meneja anayelala mjini. Kuamshwa hakukutuudhi, maana mgeni wa usiku ni mgeni vilevile. Kilichotuudhi ni kukosa siku ya mapumziko ambayo ni yetu kwa hakika, hata ikawa kwenda sokoni pamoja ni jambo la kuombea ruhusa. Ukizilinganisha saa hizo na ada ambayo mgeni wa kawaida angelipa kuegesha usiku mmoja, utaona kwamba malazi ya bure yanalipiwa, tena si kidogo.

Sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni maji. Kambi hutegemea kisima na pampu ya umeme inayojaza simtanki moja iliyo juu ya mnara wa vyuma, na umeme ukikatika mchana, jioni watu hukosa maji ya kuoga. Mlinzi wa hapo ndiye aliyetufundisha kugonga ubavu wa simtanki kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kupanda juu, mpaka mlio mzito ugeuke kuwa mwepesi, ndipo ujue maji yameishia wapi. Tulizoea kupiga pampu alfajiri na kugonga tenki kila alasiri kabla wageni hawajafika. Kundi moja la watalii likishaoga na kufua, hesabu zote huvurugika, na anayeulizwa ni wewe: “Mzee, mbona bomba halitoi?” Tenki la pili lingemaliza tatizo hili, na tulilisema mapema, lakini hadi tunaondoka lilikuwa bado ni ahadi.

Maji taka nayo yana somo lake. Magari ya kulala yanayotoka nje huwa na choo chenye kasha la kumwaga, na baadhi ya dawa zinazotiwa humo huua bakteria wanaomeng'enya uchafu katika shimo. Mwenyeji asipouliza ni dawa gani kabla ya kuonyesha chemba, atakaa na harufu hiyo msimu mzima. Jambo hili halikuwamo katika maelekezo ya chini ya mti.

Kuhusu moto, kambi inastahili sifa. Upepo wa kiangazi katika kanda hii ni mkali na nyasi huwa zimekauka kabisa, kwa hiyo moto huruhusiwa ndani ya mashimo yaliyozungushiwa mawe tu, na mwenyeji ana mamlaka kamili ya kuuzima kwa mchanga bila kumsubiri meneja. Meneja hakuwahi kutugeuka katika hilo, hata pale mgeni alipofoka.

Wageni wengi hufika kwa ajili ya michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na hapo mwenyeji hugeuka kuwa mtoa habari. Wengi hudhani wanaweza kupanda mlima wenyewe. Ni lazima waelezwe kwamba hujiandikisha kwanza katika ofisi iliyopo Kolo na kupewa mwongozaji, kwamba kumwagia maji michoro ili ionekane vizuri kwenye picha huiharibu, na kwamba baadhi ya mapango bado wananchi huyatumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Sehemu hii ya kazi ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, na kwa hiyo peke yake ningerudi.

Raia wa kigeni wanaovutiwa na nafasi hii wasije na viza ya utalii. Kujitolea ni kazi mbele ya Uhamiaji, na wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi cha daraja C.

Naipa kambi nyota tatu kati ya tano. Atakayekubali nafasi adai kuandikiwa saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani atalipa gharama za hospitali akiteleza kwenye ngazi ya mnara. Pia akubaliane mapema kuhusu tarehe ya kuondoka: meneja hupenda wenyeji wakae hadi Krismasi, ilhali mvua za huku huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, na kile kipande cha udongo kikishalowa, Coaster isiyovuta kwa magurudumu yote manne haifiki kwenye lami bila trekta.