Gesi ya AC haiishi: uzoefu wangu na kiyoyozi cha karakana ya uchapaji, Tanga

Nina karakana ndogo ya uchapaji Chumbageni, hapa Tanga. Tunachapa kadi za harusi na za michango, vitabu vya risiti, kalenda na mitihani ya majaribio ya shule. Mashine kubwa ni ofseti ya rangi mbili aliyoniachia marehemu baba. Watu wakisikia nimefunga AC karakana nzima hudhani nimewatafutia vijana wangu raha. Nawapenda vijana wangu, lakini AC ile nimeifunga kwa ajili ya karatasi.

Karatasi inakunywa unyevu. Asubuhi za masika unyevu wa hewa huku kwetu unapita asilimia 80, na rimu iliyolala wazi inaamka kingo zimejikunja. Kazi ya rangi nne inapita kwenye mashine yangu mara mbili. Mkupuo wa kwanza unatoka safi. Ukirudisha karatasi kwa mkupuo wa pili imeshatanuka, hata kama ni nusu milimita tu, na jina la bibi harusi linatoka na kivuli. Kadi mia tatu zinatupwa. Shida hii ni ya wachapaji wote tangu zamani: mtambo ambao Willis Carrier aliusanifu mwaka 1902, unaotajwa kuwa AC ya kwanza ya kisasa, ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji Brooklyn, Marekani, na kazi yake ilikuwa kukausha hewa ili karatasi isitanuke.

Mfumo ninaoueleza leo nimeutumia masika mawili. Lakini siwezi kuusifu wala kuulaumu bila kusema nilikotoka.

AC yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, ya tani 10, ya dakti (inasambaza hewa kwa mabomba mapana ya bati), yenye kompresa ya umeme wa fezi tatu na gesi ya R22. Niliinunua kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Kampuni iliyonihudumia ilikuwa inakuja kila baada ya miezi mitatu hivi, wanafunga geji, wanatikisa kichwa: "Gesi imeisha, mama." Shilingi 180,000. Nililipa mara saba. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia gesi imekwenda wapi, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa naifikiria kama gesi ya kupikia, kwamba ikitumika inaisha.

Mara ya nane nilimwita fundi mwingine, kijana tuliyemchapia kadi za harusi yake. Aliponiamkia nikamwambia moja kwa moja, mwanangu, gesi imeisha tena. Akasema, "Mama, gesi ya AC hailiwi kama mkaa. Inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua imetoka mahali, tupatafute."

Hakugusa geji. Alichukua tochi akalifuata bomba la shaba kuanzia kwenye kompresa, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano. Nyuma kabisa, kwenye kiungo karibu na ukuta, palikuwa na doa jeusi lenye vumbi lililogandamana. Akalipitisha kidole akanionyesha: mafuta. Mafuta ya kompresa yanasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapovujia mafuta yanabaki yakitoa ushahidi. Akakoroga sabuni kwenye kikombe, akapaka povu kwa brashi, tukasubiri. Punje ya povu kama mtama ikatokeza, ikakua, ikapasuka. Ikaja nyingine. Nilisimama pale nikipiga hesabu: milioni moja na laki mbili na sitini elfu zilikuwa zimepita kwenye kitundu ambacho macho yangu hayakukiona.

Siku hiyo nilimkalisha anieleze mashine nzima, na naandika alivyonieleza kwa sababu mwenye biashara akijua haya hadanganyiki kirahisi.

AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto, linatoka ndani linakwenda kutupwa nje. Aliniuliza maji ya mtungi yanapoaje. Nikamwambia mtungi unatoka jasho, jasho linakauka, maji yanapoa. Basi, ndani ya AC kuna kimiminika kinachochemka upesi mno. R22 ikiachwa wazi inachemka kwenye nyuzi karibu 41 chini ya sifuri, na kila kinachochemka kinanyonya joto la kilicho karibu nacho. Kwenye koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi ya vibati vyembamba, ndiko inakochemka. Hewa ya chumba ikipulizwa juu ya mapezi ya koili ile inaacha joto lake, na unyevu wake unageuka kuwa matone, unadondoka kwenye sinia, unatoka kwa bomba la maji. Kwangu matone yale ndiyo bidhaa ninayonunua.

Mvuke ule unavutwa na kompresa, ambayo ndiyo moyo. Inaukandamiza mpaka unakuwa moto wa kuunguza mkono. Lazima uwe moto kuliko hewa ya nje, la sivyo hauwezi kulitoa joto lake Tanga mchana wa Februari. Unapita kwenye koili ya nje, feni inaupuliza, unarudi kuwa kimiminika. Kisha kuna valvu nyembamba inayoupunguzia presha ghafla, unapoa, unaingia tena ndani kuchemka. Mzunguko ni huo. Mengine ni walinzi na watumishi: kontakta ya kuwashia, kapasita ya kusukuma injini za feni, filta, termostati. Na termostati si pedali ya mafuta. Kwenye mashine kama ile ukiweka 16 chumba hakipoi haraka kuliko ukiweka 23, mashine inachelewa kusimama tu. Nimelibandika hilo ukutani kwa wino mwekundu.

Kitundu kilizibwa, lakini ya bahari hayazibiki. Kompresa na koili ya nje vilikuwa upande wa mashariki, na kaskazi ikianza kuvuma inaleta chumvi moja kwa moja. Fundi alibonyeza mapezi ya alumini kwa kidole gumba, yakamomonyoka kama maganda ya kitunguu yaliyokauka. Koili isiyo na mapezi haiwezi kutoa joto, presha inapanda, kompresa inaungua taratibu. Alisema, mama, utaziba leo hapa, kesho kule. Tena R22 yenyewe inaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na nchi kama yetu zinatakiwa kufikia 2030 ziwe zimeacha kuiingiza, isipokuwa akiba ndogo ya matengenezo. Nikakubali kununua mpya.

Hapa ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka tani 12, kwa sababu tani 10 haikutosha. Yeye alipima chumba, akahesabu watu, taa, injini za mashine, akapanda darini akakuta bati tupu. Tani, alinieleza, si uzito wa mashine, ni joto la kuyeyusha tani moja ya barafu kwa saa 24, yaani Btu 12,000 kwa saa. Akasema weka kwanza sufi ya kuzuia joto chini ya bati, kisha funga mbili za tani 4. Niliona anafanya uchoyo na pesa yangu mwenyewe. Hoja yake ilikuwa hii: AC kubwa kupita kiasi inafikisha baridi kwa dakika chache, inazima, na koili haikupata muda wa kutoa maji. Chumba kinakuwa cha baridi na chepechepe, kama pango la Amboni. Ndivyo ilivyokuwa karakana yangu miaka ile yote, na mimi nilikuwa nalaumu wauza karatasi.

Tulifunga mbili za dari, za inveta (kompresa yake inabadilisha mwendo badala ya kuzima na kuwaka), gesi ya R32. Kazi ilichukua siku nne na nilikaa nao. Walipokuwa wanachomea shaba walipitisha naitrojeni ndani ya bomba ili lisifanye magamba meusi, wakalijaza naitrojeni kwa presha wakaliacha usiku kucha, asubuhi geji haikushuka. Ndipo pampu ya vakyumu ikafanya kazi zaidi ya saa nzima kutoa hewa na unyevu. Kama fundi wako anafunga AC bila pampu hiyo, mzuie. R32 inaweza kushika moto, si kwa urahisi, kwa hiyo sigara zilikatazwa mpaka barabarani. Koili za nje zimepakwa dawa ya kuzuia chumvi na zimekaa upande wa magharibi, zimekingwa na ukuta.

Matokeo? Kipimo cha unyevu kinasoma kati ya 50 na 55 wakati wa kazi. Masika iliyopita niliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba la maji la mashine moja saa mbili asubuhi. Adhuhuri ilikuwa imejaa. Maji yote yale zamani yalikuwa yanaingia kwenye rimu zangu. Kadi za kutupwa kwa sababu ya rangi kuhama zimekuwa chache mno hata sikumbuki ya mwisho. Na inveta haizimi na kuwaka kwa kishindo, inapunguza mwendo, kwa hiyo taa za karakana hazifumbi macho tena.

Kuna jambo moja la zamani nisilolitamani tena. AC ya zamani iliwahi kunguruma vibaya bila kupoza baada ya nyaya za mtaani kutengenezwa. Nilijua kuna jambo kwa sababu hata rola za ofseti zilianza kuzunguka kinyumenyume: fezi mbili zilikuwa zimebadilishana, na kompresa ile ya fezi tatu ikizunguka kinyume haisukumi gesi. Kubadilisha waya mbili kulitosha, ila ningeiacha siku nzima ningeiua. Kwa mwenye fezi tatu, kifaa cha kulinda mpangilio wa fezi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Malalamiko ninayo. Bomba la maji la mashine ya pili halikupewa mteremko wa kutosha. Mwezi wa tano ute ulijaa ndani, likaziba, maji yakadondokea rimu sita za karatasi ya kung'aa. Fundi alikuja siku hiyo hiyo akarekebisha, lakini karatasi nililipa mimi, na nilimwambia wazi kwamba hilo halikunipendeza. Filta za dari zinahitaji ngazi kila baada ya wiki mbili, maana unga tunaopulizia karatasi zisigandane unapanda wote juu. Na bodi ya inveta ikiungua, si kitu cha kwenda kununua dukani Barabara ya Kumi na Mbili: tulisubiri ya kutoka Dar siku kumi na moja, tukifanya kazi na mashine moja.

Kampuni ya kwanza ilinipigia mwezi uliopita kuuliza kama gesi haijaisha. Nikawajibu ipo.

Kaskazi inaanza karibuni. Fundi anakuja Jumamosi kuosha koili za nje kwa maji baridi ya bomba, na safari hii nimemwomba aanze na ule mteremko, apime kwa pima maji mimi nikiwa nimesimama.