Kikundi cha jembe la uma, Maseno: uzoefu wangu wa kufungua shamba lililolala

Ukiwa na shamba lililolala kwa miaka na sasa unataka mboga, usianze kwa kuuliza bei ya trekta. Uliza kwanza kuna nini chini ya udongo. Mimi nimefungua robo ekari ya nyumbani, karibu na Maseno, magharibi mwa Kenya, ambayo haikuguswa tangu baba mkwe alipofariki. Lantana ilikuwa imezidi kimo cha mtu, mipera iliyopandwa na ndege imeota kila mahali, na chini ya yote hayo kulikuwa na sangari, nyasi sugu ambayo majirani zangu huiita ombugu. Kazi niliwapa kikundi cha vijana na akina mama wa hapo kijijini ambao hulima kwa kipande, yaani hulipwa kwa kazi iliyokubaliwa, si kwa siku. Maoni haya ni juu yao, na nayaandika kwa sababu watu wengi wanaorudi nyumbani kuanza bustani huwapita watu hawa wakienda kutafuta mashine.

Kiongozi wao ni mzee wa makamo, wote wanamwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kiluo. Alipokuja kukagua hakuangalia kichaka. Alipiga jembe mara moja kando ya njia, akainua bonge la udongo, akanionyesha mizizi myeupe imepita humo kila upande. "Mama, hapa tukileta trekta hatutalima," akasema. "Tutakuwa tumepanda ombugu."

Yuko sahihi kabisa. Sangari haienezwi na mbegu tu, inaenea kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, na kila kipande chenye pingili kina uwezo wa kuchipua mmea mpya. Mashine yenye visu vinavyozunguka huyakatakata mashina hayo vipande vidogo na kuyasambaza shamba zima. Jirani yangu upande wa juu alilimiwa kwa trekta dogo la kusukuma kwa mkono karibu wakati ule ule. Kwa macho shamba lake lilipendeza kuliko langu, udongo laini, umekaa sawa. Mvua za Machi ziliposhika, likawa kijani kabla hajapanda chochote. Silaumu mashine. Kwenye shamba linalolimwa kila msimu inafanya kazi nzuri na kwa haraka. Kwa ardhi iliyolala na kujaa sangari, hapana.

Sasa bei, maana najua ndilo swali. Tulikubaliana shilingi 3,500 kufyeka na kung'oa lantana, na 9,000 kuchimba robo ekari yote kwa jembe la uma. Visiki vilihesabiwa peke yake, 100 hadi 300 kulingana na unene, na hapo ndipo unapaswa kuwa makini: zunguka na kiongozi wao, mhesabu visiki pamoja kabla kazi haijaanza. Chai na nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) ni juu ya mwenye shamba. Trekta dogo lingenitoza 2,500 kwa eneo lile lile, kwa hiyo ndiyo, tofauti ni kubwa. Lakini katika ile 2,500 hakuna kung'oa kitu, na palizi inayofuata haimo.

Lantana waliishughulikia vizuri sana. Wengi huikata kwa panga juu ya ardhi na kuondoka, kisha baada ya wiki chache shina limetoa matawi mengi kuliko mwanzo. Hawa walikata, wakaacha nafasi ya kuingia, halafu wakachimba kila shina hadi kwenye kichwa cha mizizi. Matawi mazito yalienda kuwa kuni. Majani niliwaomba wayarundike mbali na njia ya ng'ombe, kwa sababu lantana ni sumu kwa mifugo: huharibu ini, na ng'ombe aliyeila huanza kuchubuka ngozi akikaa juani, hasa sehemu nyeupe. Hilo walilijua hata kabla sijamaliza kusema.

Kuchoma ndiko tulikobishana. Mazoea ya hapa ni kufyeka na kutia moto, na ukweli ni kwamba moto unaokoa muda. Mimi nilikataa majani mabichi na takataka laini zichomwe. Nitrojeni karibu yote iliyo kwenye majani huondoka na moshi, unabaki na majivu, na udongo wa huku umechoka kiasi kwamba siwezi kuutupia moshi chakula chake. Tukaelewana hivi: majani yarudi kwenye udongo, mizizi ya sangari peke yake ianikwe kwenye jiwe pana hadi ikauke kabisa, ndipo ichomwe. Japuonj aliwasimamia watu wake wakafuata hivyo hivyo, na kwangu hiyo ni alama kubwa. Fundi akikubali kubadili mazoea yake kwa sababu mwenye shamba amempa sababu, huyo ni fundi wa kurudia.

Kazi yenyewe ya uma ni ya kutazamwa. Jembe la kawaida hukata mzizi, meno ya uma huuvuta. Wanapiga, wanainua bonge, wanalipasua kwa nyuma ya jembe, kisha mtu wa pili anainama na kuvuta nyuzi zile nyeupe moja moja, anakung'uta udongo, anatia kwenye gunia. Akina mama ndio waliokuwa wepesi zaidi kwenye kuokota, na ningependa walipwe sawa na wanaopiga jembe. Niliuliza, nikaambiwa kikundi kinagawana sawa. Nilifurahi. Haya yote yalifanyika Januari na Februari, jua likiwa kali, ili hata kipande kilichosahaulika juu kikauke. Ukifanya kazi hii wakati wa mvua unahamisha sangari kutoka kona moja kwenda nyingine, basi.

Kasoro zipo. Siku za soko la Luanda nusu yao hawaonekani, na hawakuniambia mapema. Pembeni mwa ua walichimba juu juu, nikawaonyesha, wakarudi kurekebisha bila kudai pesa, lakini ilibidi nisimame pale. Na ndago, gugu jingine sugu, hawakuimaliza. Hilo siwezi kuwadai, maana ndago hujificha kwenye viazi vidogo vilivyo chini sana, na ukikiacha kimoja kinatosha kuanzisha vingine. Kwa ndago ni kung'oa tena na tena hadi ichoke, au kuifunika kwa mmea unaotandaa.

Kitu kimoja ambacho kikundi kilinifanyia bila kuombwa, na ndicho nakisifu kuliko vyote: walikata uzio mzima wa tithonia, ile mimea ya maua ya manjano iliyojaa kando ya barabara zetu, wakaleta majani na matawi laini, wakayakatakata na kuyafukia kwenye matuta. Wengi wanaiona kama gugu. Watafiti wa mashirika ya kilimo na misitu ya ICRAF, KARI na KEFRI waliifanyia kazi hapa hapa Maseno miaka ya 1990, na majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, pamoja na fosforasi kidogo. Yanaoza upesi. Uzito wake ndio tatizo, kubeba majani mabichi ya kutosha ekari nzima ni mateso, lakini kwa bustani ya mboga inawezekana, hasa uzio ukiwa wako. Kwenye matuta ya sukuma wiki niliongeza samadi ya ng'ombe. Udongo ulipopimwa ulionekana una asidi, kwa hiyo nilitawanya pia chokaa ya kilimo kutoka Koru, wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Mbegu za kwanza nilizotia ni kunde, sehemu kubwa ya shamba, kwa sababu zinatandaa haraka na kunyima magugu mwanga. Majani yake tunakula, na mizizi inaleta nitrojeni. Kisha managu na saga, mboga zetu za kienyeji, kwenye matuta yaliyochimbwa vizuri zaidi, na sukuma wiki upande ulio karibu na maji. Sangari imetokea hapa na pale, hasa pale pembeni mwa ua, na naing'oa kwa mkono nikichuma mboga. Kwa jirani bado wanapalilia kwa jembe shamba zima, na ameshaniomba nimuunganishe na Japuonj.

Kama unawatafuta watu wa aina hii, hawana bango wala ukurasa popote. Uliza kwenye duka la pembejeo au kwa mzee wa kijiji nani hulima kwa kipande, kisha kabla ya bei muulize kiongozi akuonyeshe majembe yake. Akikuonyesha uma zilizochakaa meno, mnaweza kuzungumza. Mimi nimeshawapa kipande kilichobaki, kile cha chini karibu na kijito, na tumepatana waanze Januari.