Kinga ya bamba kwa shokapu za nyuma: miezi minane kwenye njia ya Natron

Naendesha Land Cruiser ya watalii, ile iliyorefushwa, na njia inayonila pesa ni ya kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron. Mawe ya huko ni ya volkano, yana makali, na tairi za mbele ndizo zinazoyarusha nyuma.

Msimu uliopita niliua shokapu mbili za nyuma, yale mabomba ya mafuta yanayotuliza mdundo wa springi, na wala hazikufa kwa uzee. Ya kwanza ilibonyea bombani, shimo la kuingia kidole gumba. Ilikuwa ya bomba moja, na kwenye aina hiyo pistoni inateleza ndani ya bomba lile lile unaloliona kwa nje, kwa hiyo likibonyea pistoni inakwama. Za bomba mbili zina ganda la nje, ndiyo maana huvumilia zaidi. Ya pili jiwe liliigonga fimbo, ile ya chuma inayoingia na kutoka kwenye bomba. Mkwaruzo wenyewe mdogo, unausikia kwa ukucha tu, lakini ulikata sili, mpira unaozuia mafuta mdomoni mwa bomba, na mafuta yakavuja yote njiani. Gari likawa linayumba kama mtumbwi, na wageni nyuma kimya kabisa. Dereva anaujua ukimya huo.

Kinga ya kwanza niliyojaribu ni buti, yaani mifuko ya mpira yenye mikunjo ya kufunika fimbo. Pesa ya bure. Vumbi la kijivu la mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai linaingia ndani, likichanganyika na maji ya korongo linageuka msasa, linaisugua fimbo ile ile ninayoilinda. Nilizikata kwa kisu.

Ndipo fundi wa kuchomelea Arusha akanitengenezea bamba la chuma la milimita 4, limekunjwa mfano wa mfereji, limefungwa kwa bolti kwenye ekseli, upande wa mbele wa shokapu. Jozi ilinigharimu 70,000. Kosa la kwanza lilikuwa letu wote wawili: tulipima gari likiwa limesimama. Barabarani, ekseli ikishuka, shokapu inabadili mwegemeo, na bamba likaanza kugonga bomba, ngo ngo ngo mpaka Engaruka. Tukarudia, safari hii gari likiwa limenyanyuliwa kwa chesisi, magurudumu yananing'inia, kisha tukalishusha hadi springi zikandamizwe. Tukaacha nafasi ya vidole viwili pande zote. Angalia na mpira wa breki usiguswe.

Sehemu ya juu, penye fimbo, nimening'iniza kipande cha tairi kuukuu kwenye chesisi. Hakipendezi, ila kinafanya kazi.

Leo ni miezi minane. Bamba la kushoto lina mibonyeo nimeacha kuihesabu. Shokapu iliyojificha nyuma ya bamba hilo haina hata alama. Bolti moja ilidondoka, sasa natumia nati za kujikaza. Kero inayobaki ni tope. Likikauka kati ya bamba na bomba, hewa haipiti, na shokapu inayofanya kazi kwenye vijituta mfululizo huchemka hadi mafuta yanapoteza nguvu. Kila nikivuka korongo lenye maji nashuka na bisibisi kuchokonoa.

Nyota 4 kati ya 5. Ukiwa na kinga tope nzito nyuma ya tairi za mbele, mawe yanapungua tangu mwanzo. Mimi nimezifunga juzi tu, na bamba sijalitoa.