Kaunta ya chuma ya kubonyeza kwa kuhesabu tai na mwewe: nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda aende zake: kama unahesabu ndege mbuai msimu wa kuhama, ule wa Septemba na Oktoba wanaposhuka kusini, nunua hii kaunta ya chuma, ile ya mviringo yenye pete ya kuingiza kidole na tarakimu nne kwenye kidirisha. Zile za kidijitali na programu za simu achana nazo. Hii haina batri wala skrini, unabonyeza na dole gumba, inalia tak, namba inapanda moja, bas.

Sasa kwa nini niing'ang'anie hivi. Tai, mwewe na shakivale hawapigi mabawa safari nzima, wangechoka wafe njiani, wanachofanya ni kupanda kwenye hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, wanazunguka zunguka humo mpaka juu kabisa halafu wanateleza kuelekea kusini mpaka wapate hewa nyingine ya kuwapandisha. Wakiwa kwenye mzunguko usihangaike kuwahesabu, kuna wanaoingia kuna wanaotoka, huyu ushamhesabu au bado, utapata kizunguzungu bure! Subiri wakianza kutoka kule juu kwa mstari, chagua alama moja angani, tuseme ukingo wa wingu, kila anayekatiza hapo unabonyeza. Muda wote huo macho hayatoki kwenye darubini hata kidogo, na hapo ndo simu inaposhindwa, kioo ni laini hujui kidole kimegusa kitufe au kimegusa pembeni, mpaka uangalie chini, na ukiangalia chini washapita kumi. Hii ya chuma kidole chenyewe kinasikia, na pete ikiwa kidole cha shahada bado mikono yote miwili imeshika darubini.

Tarakimu nne zinatosha? Inategemea umesimama wapi. Hawk Mountain, mlima kule Pennsylvania, Marekani, wanakohesabu tangu 1934, zinatosha na kubaki, tena fomu za kuhesabia huwa ni za saa moja moja kwahiyo kila saa unarudisha sifuri. Ila kuna sehemu kama Batumi, kwenye nchi ya Georgia, ndege wanabanwa kati ya milima na Bahari Nyeusi maana juu ya maji hakuna ile hewa ya kuwapandisha, basi wote wanafinyika kwenye kinjia kimoja, zaidi ya milioni moja kwa msimu, na Veracruz, Mexico, ndo usiseme, kule wanapita milioni kadhaa. Hapo kaunta ikifika 9999 inarudi 0000 kimyakimya, haikwambii kitu. Dawa ni kubonyeza mara moja kwa kila ndege kumi, lakini andika kwenye fomu KABLA hujaanza kwamba hii ni ya kumi kumi, sio baadae ukishachoka.

Nyota niliyonyima ni ya ile nobu ya pembeni ya kurudisha sifuri. Imechomoza mno! Ukiitumbukiza kaunta kwenye koti inakwaruzana na kitambaa, inazunguka, namba za saa nzima zimeenda. Wengine wanaibandika selotepu, mi sioni maana maana kila saa utaibandua. Andika namba kabla hujashusha mkono, na kaunta isikae mfukoni, ining'inie.

Na jamani kaunta moja ni kwa aina moja. Kuna zile bao zenye vibonyezo vinne vitano kwa pamoja, wanazotumia maabara kuhesabia chembe za damu, ni nzuri kama una meza na mtu wa pili wa kubonyeza unapomtajia, ukiwa peke yako juu ya jiwe ni mzigo tu. Mi nashauri chukua hizi ndogo mbili, moja kila mkono, kwa wale wanaopita wengi, kozi mmoja akikatiza mwandike kwa penseli.

Hiyo ya pili ina kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo ni umri. Hawk Mountain walikuwa wanatenganisha tai wa Marekani wakubwa, wale wenye kichwa cheupe, na makinda wenye kichwa cha kahawia, na makinda walivyozidi kupungua mwaka hadi mwaka ndo ikawa moja ya hoja alizotumia mwandishi Rachel Carson mwaka 1962 kuhusu madhara ya DDT, ile dawa ya kuua wadudu. Jumla tupu isingeonyesha hilo mapema, maana wakubwa bado walikuwa wanapita kama kawaida. Kwahiyo kama aina yako umri unaonekana kwa mbali, kulia wakubwa kushoto makinda.

Kelele yake ni ya kawaida, ndege hawasikii, jirani yako kwenye mwamba ndo atasikia na atazoea. Ya plastiki ni nyepesi ila springi yake inalegea haraka, lipia ya chuma. Kitu cha mwisho angalia pete kabla hujanunua, nyingi zimepimwa kwa kidole kitupu na asubuhi za Oktoba kule kaskazini utavaa glavu tu upende usipende, tafuta yenye tundu la kamba uifunge kwenye mkanda wa darubini.