Walijaza vizuri, ila mvuke walituachia sisi: nyota tatu kati ya tano

Mimi ni injinia wa pili kwenye meli inayotumia LNG, yaani gesi asilia iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, na kampuni ya kutujazia mafuta hayo siipimi kwa ukubwa wa pampu yake. Naipima kwa mvuke. Kimiminika hiki huchemka kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, kwa hiyo joto lolote, liwe la mpira wa kujazia, la pampu au la ukuta wa tangi, linakigeuza gesi, na gesi hiyo inataka pa kwenda. Kuiachia hewani hairuhusiwi ila kwa dharura.

Meli ya kujazia ilifika kwa wakati. Mabaharia wake hodari kweli: waliupoza mpira taratibu, wakajaribu mfumo wa kufunga kwa dharura kutoka pande zote mbili kabla ya tone la kwanza kupita. Hapo sina neno.

Kipimajoto ndicho kilichoniharibia siku. Tuliahidiwa nyuzi 160 chini ya sifuri, kikaingia cha 151. Asiyefanya kazi hii atasema nyuzi tisa si kitu. Tangi letu ni la presha, aina C, lilikuwa na masalio ya safari na presha ya bar 3. Kawaida naanza na njia ya juu: kimiminika baridi kinanyunyizwa katikati ya mvuke, mvuke unarudi kuwa kimiminika, na presha inashuka huku unaitazama. Sichoki kuliona jambo hilo. Safari hii mshale wa presha ulishuka kidogo ukagoma, na tulipohamia kujaza kwa chini ukaanza kupanda.

Nikaomba njia ya kurudisha mvuke ifunguliwe. Nikajibiwa kuwa tangi lao nalo presha iko juu, tusubiri. Yaani umeniletea mzigo wenye joto, halafu mvuke wake hutaki! Tukapunguza kasi hadi nusu na kuongeza mzigo kwenye jenereta ili zichome gesi zaidi. Kazi ya saa nne ikala saa saba. Mvuke walikuja kuupokea mwishoni, mambo yalipokuwa yamekwisha kuwa magumu.

Tukadhani tumemaliza. Hati ya makabidhiano ikaletwa, na gesi tuliyowarudishia haikutolewa kwenye hesabu! Sikusaini. Haki yao niwape: walipoonyeshwa mita walirekebisha bila ubishi.

Kosa letu nalo lipo. Tungechoma gesi zaidi siku mbili kabla, tungefika na presha ya chini na kupata nafasi ya kupumua.

Nitawaita tena, lakini kabla hawajang'oa nanga nataka kipimo cha joto la mzigo kwa maandishi, pamoja na presha ya tangi lao.