シ na ツ: ipi shi, ipi tsu?

Anayejifunza katakana, mojawapo ya hati za Kijapani, lazima ajikwae hapa. Zote mbili zina vistari viwili vifupi na kimoja kirefu, na ukizitupia jicho tu utaona sura ileile inayokuchekea, ila moja imeinamisha kichwa.

シ (shi): vistari vifupi vimepangana upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine, karibu vilale. Kile kirefu huanzia chini kushoto, kikapandishwa kulia.

ツ (tsu): vifupi vimesimama bega kwa bega, vichwa vyao usawa mmoja juu. Kirefu huanzia juu kulia, kikateremka kushoto.

Mimi nilizikariri kwa macho wiki nzima, nikaambulia patupu. Kilichonisaidia ni kushika kalamu. Kwenye maandishi ya brashi mstari huwa mnene pale brashi inapotua, ukachongoka inapoinuliwa. Kwa hiyo ncha kali ya シ iko juu, ya ツ iko chini. Ukijua hiragana, hati nyingine ya Kijapani, mambo ni rahisi zaidi: し hushuka kushoto ndipo ikakunja, つ hupita juu ndipo ikashuka. Vistari vifupi hufuata njia hizohizo.

Neno zuri la mazoezi ni シャツ, *shatsu*, yaani shati. Lina zote mbili.

ン (n) na ソ (so) ni mtego uleule, ila kistari kifupi ni kimoja. Kosea hapo, na タンザニア (Tanzania) inageuka タソザニア: Tasozania.